Duara Kwenye Msalaba wa Baba

Greyville, Durban
Jumapili mchana, baada ya ibada

Mama yangu mzazi,

Nakusalimu nimepiga magoti. Mkwe wako Neema ananicheka, anasema karatasi haina macho ya kuona magoti ya mtu, lakini nimeyapiga hivyo hivyo hapa sakafuni, kwa sababu kuna mambo humu sitaweza kuyaandika nikiwa nimekaa kitini kama bwana mkubwa. Goti lako la kulia linaendeleaje? Bado linajua mvua kabla ya redio? Na kile kikohozi cha asubuhi? Yule kuku mweusi aliyezoea kutaga kwenye kikapu chako cha nguo bado yupo, au aliishia kwenye sufuria ya Pasaka? Sisi tuko wazima. Neema anasuka nywele kwenye saluni ya mama Sifa, huyu huyu aliyekuletea barua hii mkononi. Mtoto mwingine bado hatujajaliwa. Mimi afya ya mwili ninayo, hiyo nyingine utaisikia.

Amani, mdogo wangu, najua ni wewe unayemsomea mama. Msomee akiwa amekaa uani, usimsomee anapopika akapata sababu ya kuinuka. Na usiruke kitu. Kuna mahali utataka kuruka ili kunisitiri mimi kaka yako. Usinisitiri.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu simu yangu mama haishiki. Kila nikipiga namsikia nyuma yako akisema, “Mwambie niko shambani.” Mama, shamba gani? Lile shamba letu mto Lukuga uliliondoa kabla mimi sijapanda basi la kuja huku. Lakini sikulaumu. Mtu aliyefanya nilichofanya mimi hata shamba la uongo hastahili kutajiwa.

Sasa nianze mwanzo, maana nyinyi mliona mwisho tu.

Baba alipofariki, unakumbuka, sikuja. Nilisema karatasi zangu za ukimbizi haziniruhusu kuvuka mpaka, na ni kweli haziniruhusu, lakini ukweli mwingine ni kwamba nilipopata habari nilishukuru kuwa haziniruhusu. Niliogopa kuliona jeneza. Mkazika bila mimi. Siku arobaini zilipotimia Amani akanitumia picha ya msalaba alioujenga mwenyewe kwa simenti, msalaba mzuri, umesimama wima, na pale mikono inapokutana na mti kuna duara limeizunguka. Niliitazama ile picha nikiwa kwenye foleni ya taksi, dakika mbili tu. Nikajibu, “Kazi nzuri.” Sikuuliza duara ni la nini. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, mimi nikajiona mjanja.

Baada ya hapo mambo yetu yakaenda kombo. Kazi ya ghala ikaisha bila onyo. Mwezi uliofuata mimba ya Neema ikatoka. Mama, hukuniona siku zile. Nilikuwa natafuta mtu wa kumlaumu kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, naparamia kila kitu. Ndipo jirani akatupeleka kwenye kikundi cha maombi, hapa hapa Greyville, chumba cha juu ya duka la matairi. Mchungaji ni Mkongo mwenzetu, mtu wa sauti kubwa na moyo si mbaya. Akatuambia kila mmoja alete picha za nyumbani, ili aone mlango ambao shetani anaingilia. Nikampa simu yangu. Akapitisha picha moja moja mpaka akafika kwenye kaburi la baba. Akasimama.

“Hii iko nini?” akauliza.

“Iko kaburi ya papa yangu.”

“Naona kaburi. Nauliza hii duara. Hii haiko croix ya Yesu, ndugu. Hii iko jua. Watu wa zamani walikuwa wanaabudu jua. Papa yako alikuwa anafanya kazi gani?”

“Maçon,” nikasema.

Mchungaji akainua kichwa. “Franc-maçon?”

Mama, unajua kwetu kila mpanga matofali ni maçon. Na unajua hao wengine, wa vyama vya siri, ambao watu huwataja kwa kunong'ona kama wanavyowataja wachawi. Kati ya majina hayo mawili kuna neno moja dogo tu. Nyuma yangu dada mmoja alikuwa ameshaanza, “Yesu! Yesu!” na mwingine akashika kichwa. Ilinitosha kusema, “Hapana, wa matofali.” Watu wangecheka, na mimi ningecheka. Nilifungua mdomo. Neema alikuwa ananitazama, macho yake bado yamevimba kwa ajili ya mtoto. Nikaona kwamba nikisema hapana, tutarudi nyumbani bila sababu yoyote ya yaliyotupata. Nikanyamaza. Nikawaacha wamwombee baba yangu kama mtu wa shetani, nami nikaitikia amina.

Amani, hapo ndipo ungetaka kuruka. Rudia.

Kesho yake nikakupigia, mdogo wangu, na yale maneno nayakumbuka yote. Nilikwambia, “Vunja lile duara kabla ya Jumapili.” Ukasema, “Kaka, ile haiko duara, ile iko—” Nikakukata. Nikakwambia, “Usinijibu! Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye baba sasa.” Nikasikia jogoo kwenye simu. Halafu ukasema, “Sawa, kaka.” Mama, usimlaumu Amani hata kidogo. Mmemlea kuheshimu mkubwa, akaheshimu mkubwa mjinga.

Akaenda alfajiri na nyundo ya baba. Yaliyofuata nimeyapata kwa watu. Kwamba msalaba ulibaki umesimama, lakini mvua za kwanza mkono wa kushoto ukaanguka wenyewe. Kwamba watu wakaanza kuuliza, kwa nini familia ivunje kaburi la mzee wao alfajiri? Kwamba neno nililoliacha chumbani juu ya duka la matairi lilifika huko nyumbani Kalemie kabla ya barua yoyote, sijui kwa simu ya nani, na sokoni wakasema, “Kumbe mzee Lukasi alikuwa na mambo yake.” Kwamba kwenye jumuiya siku moja ulipokaa kwenye benchi, mama mwingine alihama. Wewe uliyelisomba dongo la lile benchi. Hukuniambia hata moja kati ya hayo. Uliacha tu kuongea na mimi.

Nami nikajiambia, mama amekasirika, atapoa. Mwaka ukaisha.

Kazi niliyo nayo sasa niliipata mwanzoni mwa baridi. Ni karakana ya mawe ya makaburi kule Clairwood, karibu na bandari, katikati ya malori na maghala. Mawe yanakuja kwa meli kutoka mbali, sisi tunayakata, tunayasugua, tunachonga majina. Ndiyo, mama, mtoto aliyekimbia kaburi la baba yake anakula kwa makaburi ya watu. Fundi mkuu ni mzee wa Kihindi wa hapa hapa Durban, wote tunamwita Anko Deva. Ni mfupi, mkali, ana vumbi la mawe mpaka kwenye kope, na jiwe likipasuka vibaya hulitukana kwa lugha tatu. Ananipenda kwa sababu nilimwambia baba yangu alikuwa mwashi. Kwake yeye niliweza kusema.

Mwezi uliopita tukapewa kazi ya ukarabati kwenye makaburi ya zamani ya mjini. Tawi la mti lilikuwa limeangukia msalaba mmoja wa jiwe, mrefu kunizidi, na mkono mmoja ulikuwa chini kwenye majani. Niliutazama ule msalaba. Ulikuwa na duara. Duara lile lile, pale pale. Nikaweka patasi chini.

“Anko, huu mimi siugusi.”

“Eish, wena! Unaogopa nini? Mwenyewe amelala zaidi ya miaka mia.”

“Hiyo duara. Ni mambo ya kuabudu jua.”

Anko Deva akanitazama kama jiwe lililopasuka vibaya. Akanivuta kwa shati mpaka chini ya msalaba. “Tazama. Hiki ni kitu gani? Mkono wa jiwe. Mzito kuliko wewe. Unaning'inia hewani, hauna chuma ndani. Nani anaushika? Hii!” Akaligonga duara kwa kucha. “Hii ndiyo inayoushika. Ilipovunjika hii, mkono ukaenda chini. Ondoa duara, mikono yote miwili ni suala la mvua chache tu. Sharp, umeelewa? Sasa shika patasi.”

Mvua chache tu. Nilishika patasi, lakini mkono wa kushoto wa msalaba wa baba ulikuwa unaniangukia kichwani siku nzima.

Mwenye kaburi lile ni bibi mmoja wa Kizungu anayeishi juu Berea. Siku ya pili alikuja na kiti chake cha kukunja na chupa ya chai, akakaa kutusimamia kama mama mkwe. Aliyezikwa ni babu wa babu yake, mfanyakazi wa reli aliyekuja kwa meli kutoka nchi inaitwa Ailandi. Nikajipa moyo nikamuuliza, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, kama duara lile ni la jua. Akacheka kidogo, si kwa dharau. Akasema wako wanaosema hivyo. Kule kwao misalaba ya namna hii imesimama zaidi ya miaka elfu moja, mingine mirefu kuliko nyumba, kwenye viwanja vya watawa, imechongwa hadithi za Biblia kuanzia Adamu, ili watu wasiojua kusoma wasome kwa macho. Ipo hadithi kwamba mtakatifu mmoja alikuta watu wanaabudu jua, hakulivunja jua lao, alichora msalaba juu yake akawaambia, huyu ndiye aliyeliumba. “Lakini hiyo ni hadithi tu,” akasema, “hakuna aliyekuwepo.” Wengine wanasema duara ni taji la ushindi la Bwana. Wengine, kwamba halina mwanzo wala mwisho, kama upendo wa Mungu. Na wengine wanasema kama Anko Deva, kwamba ni la kushika mikono isianguke. Nikamuuliza yeye anaamini lipi. Akasema kwake upendo na kushika mikono isianguke ni neno moja.

Halafu akaniambia jambo jingine lililonikaa. Kwamba njaa ilipowatawanya watu wa kwao duniani, ndipo walipoanza kuweka misalaba hii kwenye makaburi yao ya ugenini, ili mpita njia ajue maiti huyu ana kwao. Huyu wa reli hakurudi. Mama yake hakuliona kaburi lake. Wenzake wa kazi ndio waliomchongea. Mama, pale nililia mbele ya Mzungu, akanipa chai.

Lakini bado sikuwa nimeelewa kosa langu. Nilidhani nimevunja kitu cha ufundi tu, nondo ya simenti, na kwamba nitawatumia salamu za pole. Aliyenifumbua macho ni Ma Thoko.

Ma Thoko anafagia makaburini. Ni mama wa Kizulu wa umri wako, mnene, mcheshi, anabeba maji ya maua kwa ndoo kichwani kutoka bombani mpaka juu. Siku tuliyomaliza alitua ndoo yake akaja kuangalia. Tulikuwa tumechonga kipande kipya cha duara, na Anko alikuwa amenipa mimi nirudishie yale mapambo ya nyuzi zilizosukana, zinapita juu na chini, juu na chini, bila ncha. Ma Thoko akaweka mikono kiunoni. Akasema, “Yinkatha le!”

Nikamwambia, “Unasema nini, Ma?”

Akaninyooshea kichwa chake. Juu ya kitambaa kulikuwa na duara la majani yaliyosukwa, lile linalokaa kati ya kichwa na ndoo. Akalivua, akaliinua likae usawa wa duara la jiwe, akafumba jicho moja kupima. “Inkatha,” akasema. “Huyu Mzungu wenu alibebewa na mama wa akili.”

Inkatha. Mama, wao wanasema inkatha na wewe unasema nkata. Safari yote ya basi mpaka kwenye bahari nyingine, na neno lako lilikuwa limefika kabla yangu, limekaa kichwani kwa mama wa watu.

Niliketi juu ya kaburi la jirani, Mungu anisamehe. Nikatoa simu. Ile picha ya Amani nilikuwa sijaifungua tangu siku ya mchungaji. Nikaifungua, nikaikuza kwa vidole viwili, kitu ambacho sikukifanya kwenye foleni ya taksi. Duara la baba halikuwa laini. Lilikuwa na misuko. Nyuzi tatu, juu na chini, juu na chini. Pale chini, upande wa kulia, simenti ilikuwa nyembamba, na nyuzi za mgomba zilikuwa zinachungulia.

Mji mzima wanawake wanaviringa kitambaa wanaweka kichwani, basi. Anayesuka nkata ya mgomba kwa nyuzi tatu ni mmoja tu.

Amani, hicho ndicho ulichotaka kuniambia. “Kaka, ile haiko duara, ile iko nkata ya mama.” Nami nikakwambia usinijibu. Halafu ukaiendea alfajiri, wewe uliyeipaka simenti kwa mikono yako, ukaipiga nyundo mpaka nyuzi zikatoka. Sijui uliziokota. Sijui kama mama alikuwa amesimama hapo. Hilo peke yake sithubutu kuliuliza.

Sasa nakumbuka yote, na yote yananichapa. Nakumbuka baba akisema mbele ya wageni, akinywa chai, “Mimi nimejenga nusu ya mtaa huu,” na wewe ukiwa jikoni unajibu kwa sauti, “Na mchanga ulikuja kwa miguu yake?” Watu wakicheka, baba akicheka kuliko wote. Wewe ndiye uliyeutoa mchanga mtoni, beseni kwa beseni, na maji, na matofali sita sita. Baba alipanga kwa mkono, wewe ulijenga kwa kichwa. Shule ya parokia, ukuta wa zahanati, hayo mabenchi ya dongo ya jumuiya. Na sisi watoto tukikimbilia ndoo kwa pupa, ulikuwa unatushika sikio: “Kwanza nkata! Mzigo hauui mtu, kinachoua ni kichwa kitupu.”

Kwa hiyo baba alipolala, ulimpa nkata yako. Sijui kama aliiomba au ulimpa mwenyewe. Naona tu kwamba mzigo wake wa mwisho hukutaka aubebe na kichwa kitupu. Watu wa Ailandi wana elfu moja ya miaka wanabishana duara ni la nini, na mama yangu asiyejua kusoma alilijibu kwa gome la mgomba. Bwana wetu mwenyewe aliubeba wake bila nkata, hakuna aliyemwekea. Baba aliwekewa. Na mimi, mwanawe wa kwanza, nikaagiza ivuliwe.

Usiseme ni mchungaji. Nimesikia mjomba anamlaani. Mchungaji alikosea neno moja, na mimi nilikuwa na neno la kumsahihisha nikalimeza. Ulimi hauna mfupa, lakini wangu siku ile ulikuwa mgumu kama jiwe la Anko Deva.

Leo asubuhi nilisimama kwenye ibada wakati wa ushuhuda. Nikasema, “Mwaka jana mlimwombea baba yangu mkidhani ni franc-maçon. Baba yangu alikuwa maçon wa matofali. Ile duara ilikuwa nkata ya mama yangu. Nilijua alikuwa wa matofali, nikanyamaza.” Nilitegemea ngurumo. Dada mmoja akacheka kwa pua. Mchungaji akakohoa, akatazama viatu vyake, akasema, “Eee, ndugu, asante kwa ushuhuda,” na tukahamia kwenye matangazo ya kwaya. Lakini tukiwa kwenye ngazi alinifuata akanishika mkono, akasema polepole, “Mama yangu pia alikuwa anabebaka muhogo na nkata. Sikuona, ndugu. Kweli sikuona.” Nikamwambia hata mimi sikuona, na mimi ndiye niliyenyonyeshwa.

Nikarudi nyumbani na Neema. Tulipofika kwenye robot, zile taa za barabarani karibu na nyumbani, akasema, “Ningekuwa mama, nisingeshika simu yako mpaka leo.” Halafu akaninunulia karatasi hizi.

Sasa ombi langu, na Amani alisome kwa sauti. Jumapili ijayo jumuiya ikikaa, peleka barua hii uisome mbele yao, yote, kuanzia magoti. Wasikie kwamba mzee Lukasi hakuwa na mambo yake. Alikuwa na mwiko, na timazi, na mke wa kumletea mchanga. Mwenye mambo ni mimi. Mama aliyehama benchi asiaibishwe, atahama mwenyewe kurudi. Najua baada ya hapo jina langu litakuwa la kuchekea sokoni. Ni haki yake.

Wasalimie mjomba Gaspari, mwambie laana zake azielekeze Durban moja kwa moja, anwani ni yangu. Msalimie shangazi Feza anayemkanda mama goti, na mzee katekista aliyemzika baba nikiwa nimejificha nyuma ya karatasi zangu. Msalimie mke wa Amani, na watoto wao wawili ambao hawanijui ila kwa sauti ya kuamuru kwenye simu. Neema anakusalimu, anasema anakuunga mkono.

Kuhusu msalaba, mama, sikuagizi kitu. Zamani nilikuwa naagiza. Amani anajua kuujenga upya mkono ule, na safari hii nisimfundishe kazi. Lakini duara lake sisi wawili hatuliwezi. Anko Deva amenifundisha kuchonga nyuzi zinazosukana bila ncha, najaribu kwenye vipande vya mawe vilivyotupwa, na kila nikimaliza naona si zako. Kama siku moja mikono yako itakubali kusuka tena nyuzi tatu, suka kwa ajili yake. Usisuke kwa ajili yangu. Na kama haitakubali, sitapiga simu kuuliza kwa nini. Nkata ya baba niliivua mimi kwa mdomo wangu, kwa hiyo mzigo huu naubeba kwa kichwa kitupu, na sasa najua ulichokuwa unatushikia sikio.

Ni mimi mwanao,
Yohana, mtoto wa Lukasi maçon, maçon wa matofali.